Namba Kumi na Sita: Kukata Utepe

Sasa sikia. Kulikuwa na vyoo. Siyo vile vya kuziba pua na kusoma dua kabla ya kuingia, hapana! Vyoo vipya kumi, vitano vya wasichana, vitano vya wavulana, vigae vyeupe mpaka juu ukutani, milango ya bluu yenye makomeo, na sinki za kunawia zilizowekwa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Ungeviona ungetamani kubanwa.

Kasoro ilikuwa moja tu. Vilikuwa vimefungwa. Miezi saba!

Utepe mwekundu ulivutwa kutoka nguzo hii hadi ile, na katikati yake ikaning'inia barua ndani ya nailoni ili mvua isiiguse: NI MARUFUKU KUTUMIA JENGO HILI KABLA HALIJAZINDULIWA NA MGENI RASMI. Chini, saini ya huyo Mgeni Rasmi mwenyewe, saini ndefu yenye mkia kama wa kenge. Kila Jumatatu baada ya kutoka mstarini, Mwalimu Mkuu alikwenda kuipangusa ile nailoni kwa leso yake ya mfukoni, taratibu, kama anayemfuta mtoto mafua.

Na watoto je? Watoto mia sita na walimu tisa walikuwa na matundu mawili ya zamani nyuma ya stoo ya madawati mabovu. Mlango ulikuwa gunia. Mtoto akiomba ruhusa saa nne, anarudi saa tano na robo, na bado anakwambia, "Madamu, leo foleni ilikuwa nafuu."

Huyo Madamu ndiye mwenye habari hii. Darasa la tano walimbandika jina la Madamu Kwanini, maana hakuweza kumaliza sentensi mbili bila kuuliza kwa nini. Alikuwa na miaka miwili pale, na alikuwa bado hajathibitishwa kazini. Barua ya kumthibitisha ilikuwepo. Imeshachapwa, jina lake lipo, imelala kwenye droo ya juu ya meza ya Mwalimu Mkuu, inasubiri saini na muhuri. Aliiona kwa macho yake mawili. Muhula ukiisha bila saini, anafungasha virago. Basi, hiyo ndiyo barua aliyokuwa akiiota, hata akinywa chai anaiona juu ya chai.

Wiki hiyo mada ilikuwa Matatizo ya Kijamii. Kitabu cha darasa la tano kilikuwa na picha mbili. Ya kwanza, mtu amelala kando ya barabara na chupa: "Jamii yenye matatizo." Ya pili, watu wanne wanacheka wameshika majembe: "Jamii isiyo na matatizo." Yaani kumbe dawa ilikuwa jembe, na sisi tunahangaika!

"Madamu," akasema msichana mmoja wa dawati la mbele, "hao wanaocheka, wanacheka nini?"

Huyo alikuwa Wakili. Miaka kumi, meno ya mbele yana mwanya, na jina hilo alilipata darasa la pili alipomtetea mwenzake aliyesingiziwa kuiba kifutio. Kesi ilichukua vipindi viwili na akashinda.

Madamu Kwanini akafunga kitabu. Akaandika ubaoni maswali manne: Tatizo ni nini? Nani anaumia? Nani anahusika? Tufanye nini?

"Kesho kila mtu aniletee tatizo moja la kweli. Siyo la kitabuni. Uliloliona wewe."

Kesho yake yakaja madaftari arobaini na matatu. Mmoja aliandika, "Tatizo ni kaka yangu." Mwingine aliandika kwa mkaa, "Sina kalamu." Arobaini na mmoja waliobaki waliandika choo. Na siyo choo tu hivi hivi, waliandika na dakika za foleni walizopima, na nani alichafua sketi siku ya mtihani akakimbilia nyumbani, na nani huwa hanywi maji tangu asubuhi ili asibanwe. Kwenye swali la tatu, nani anahusika, Wakili alikuwa amechora saini yenye mkia wa kenge. Haikuwa na jina. Mkia tu.

Madamu Kwanini, maskini ya Mungu, alifurahi! Akabeba madaftari yote mpaka ofisini kama mtu anayepeleka keki.

Mwalimu Mkuu alisoma matano, akavua miwani.

"Hii nini?"

"Matatizo ya kijamii, Mwalimu Mkuu."

"Hapa wameandika mambo ya shule."

"Ndiyo."

"Shule siyo jamii, Madamu. Shule ni taasisi. Jamii iko kule nje ya geti."

"Lakini watoto..."

"Na vyoo siyo tatizo. Vyoo ni mradi. Mradi umekamilika asilimia mia moja. Sasa niambie, kitu kilichokamilika kinakuwaje tatizo?"

Akaanza kuyakusanya madaftari yake. Ungekuwepo na wewe ungeyakusanya.

Ndipo Mwalimu Mkuu akashusha sauti, uso ukang'aa. Mgeni Rasmi anakuja Ijumaa! Ofisi yake imethibitisha. Ratiba ina vipengele kumi na saba, kukata utepe ni namba kumi na sita, na namba tisa ni somo la mfano, darasa la tano, mada hiyo hiyo ya matatizo ya kijamii.

"Utafundisha uvuvi haramu," akasema.

"Uvuvi haramu?"

"Eeh."

"Mwalimu Mkuu, hapa hakuna ziwa. Hakuna hata mto."

"Ndiyo uzuri wake! Hakuna mtu hapa atakayekasirika." Akavuta droo ya juu kidogo, kiasi cha barua kuonekana ukingo wake, kisha akairudisha kwa kidole kimoja. "Ijumaa ikienda vizuri, Jumatatu nasaini. Tumeelewana?"

Wameelewana. Nani asingeelewa?

Jioni akamsimulia shangazi yake. Alikuwa akiishi kwa huyo shangazi, fundi cherehani, vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha mashine na vitambaa vya watu ambao hawaji kuchukua nguo zao. Shangazi alisikiliza huku mguu uko kwenye pedeli, pini tatu mdomoni.

"Ule utepe si Mwalimu Mkuu wenu alinunua kwangu," akasema, pini zikicheza. "Mita sita. Nikadhani anaoa tena, nikamwombea heri. Kumbe anafunga choo!"

"Shangazi, nifanyeje?"

"Fundisha huo uvuvi upate karatasi yako, mwanangu. Ukishaipata, wavue au wasivue, shauri yao." Akatoa pini, akamtazama. "Ila mwenye choo hamjui aliyebanwa. Hilo nalo ujue."

Basi wakafanya mazoezi siku tatu. Mtoto wa kwanza anasema tatizo, wa pili anasema madhara, wa tatu anasema tuimarishe doria majini. Zana ya kufundishia ikawa wavu wa goli la mpira uliochanika kona.

"Madamu, samaki wenyewe tunawajua wa kopo," akalalamika mmoja.

"Kariri tu, mwanangu."

"Kwa nini?" akauliza Wakili.

Hapo Madamu Kwanini akakohoa, akajifanya kutafuta chaki. Wakili akasubiri, halafu akaja na lingine.

"Na huyo mvuvi haramu akibanwa katikati ya ziwa, anakwenda wapi?"

"Anajisaidia humo humo majini, nadhani."

Darasa zima likapumua kwa wivu. "Ana bahati!"

Ijumaa ikafika. Mgeni Rasmi alitarajiwa saa tatu asubuhi. Watoto mia sita walipangwa uwanjani saa mbili, soksi zimevutwa, nywele zimechanwa. Na sikia alichofanya Mwalimu Mkuu, mtu wa itifaki mpaka kwenye mifupa: ili lile gunia lisiingie kwenye picha, alifunga njia ya vyoo vya zamani kwa turubai la maua, kubwa, limepigiliwa misumari pande zote. Yaani siku ya kuzindua vyoo, shule nzima haikuwa na choo hata kimoja! Vya zamani vimefichwa, vipya vinasubiri. Saa tatu ikapita, ya nne, ya tano. Watoto wa darasa la kwanza walianza kucheza ngoma isiyo na mpigaji, mguu huu, mguu huu. Wawili wakashindwa, wakapelekwa nyuma ya mistari.

Saa saba gari likaingia. Mgeni Rasmi akashuka, tumbo mbele, suti ya kijivu, mkononi chupa kubwa ya maji iliyobaki tone. Daktari alimwambia anywe maji mengi, na safari ilikuwa ndefu, na alikuwa mtii sana kwa daktari. Nyuma yake waandishi wawili na kamera.

Namba moja, dua. Namba mbili, utambulisho wa wageni. Namba tatu, utambulisho wa watakaotoa shukrani kwa utambulisho. Namba nne, kwaya, beti tisa. Kwenye ubeti wa sita Mgeni Rasmi alikunja mguu. Ubeti wa nane akakunja na wa pili.

Madamu Kwanini alikuwa amesimama nyuma ya meza kuu na wavu wake wa goli begani, akisubiri namba yake. Akasikia kila kitu.

"Mwalimu Mkuu," Mgeni Rasmi akanong'ona, akitabasamu kwa ajili ya kamera, "msalani ni wapi?"

Mwalimu Mkuu akatazama turubai la maua. Akatazama milango ya bluu. Jasho likamtoka kwenye kipara, tone moja likashuka mpaka puani.

"Vipo, Mheshimiwa. Vipya kabisa. Ila bado havijazinduliwa."

"Na vya zamani?"

"Vimefungwa kwa heshima yako."

"Basi nipeleke hivyo vipya."

"Mheshimiwa... pale pana barua. Yako. Na kamera zimeelekea pale pale."

Mgeni Rasmi akatazama. Akaiona saini yake kwa mbali, mkia wa kenge, imepanguswa vizuri inang'aa juani. Tangu aisaini miezi saba nyuma hakuwahi kuisoma, mpaka siku hiyo, na tena akaisoma kwa miguu iliyofungwa.

"Utepe ni namba ngapi?"

"Kumi na sita, Mheshimiwa."

"Sasa tuko ngapi?"

"Tano."

Alitoa mlio mdogo. Nyani haoni kundule, lakini siku akikalishwa juu ya kiti cha plastiki chenye ufa, atalihisi tu!

Mpaka inafika namba tisa, Mheshimiwa alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili. Darasa la tano wakasogea mbele. Madamu Kwanini akatandaza wavu chini. Mtoto wa kwanza akapaza sauti kama kengele: "Tatizo kubwa la jamii yetu ni uvuvi haramu!"

Makofi. Wa pili akasema madhara. Mgeni Rasmi hakuvumilia tena, akainua mkono. Alitaka kuwaharakisha tu jamani, afike kumi na sita.

"Vizuri, vizuri sana, watoto hodari. Sasa nani ataniambia kwa kifupi, kwa ki-fu-pi, tufanye nini?"

Mikono miwili ikanyanyuka. Mmoja wa yule mvulana wa doria majini, amekariri mpaka nukta. Mwingine wa Wakili.

Mwalimu Mkuu akamtazama Madamu Kwanini. Alisogeza kidole kimoja tu, kile kile, kama mtu anayesukuma droo.

Na yeye akaiona barua yake. Kweli tena! Jina lake, nafasi ya muhuri, yote. Kisha akawaona wale wawili wa darasa la kwanza nyuma ya mistari, kaptula zimelowa, wanatazama chini kama wamefanya kosa wao.

"Wakili," akasema. "Haya, sema."

Wakili akasogea mbele, akaukanyaga ule wavu.

"Shikamoo Mheshimiwa. Tumefundishwa maswali manne. Tatizo ni nini? Tumebanwa. Nani anaumia? Sisi, tangu saa mbili. Na wewe pia, maana naona umekaa kama mimi ninavyokaaga kwenye hesabu."

Kicheko kikaanzia darasa la saba kikashuka kama maji ya mtaro. Mwandishi mmoja akageuza kamera.

"Nani anahusika? Kuna barua pale mlangoni, ina saini, mwenyewe atajijua. Tufanye nini?" Akaingiza mkono kwenye mfuko wa sketi, akatoa mkasi mdogo wa kazi za mikono, wa kukatia karatasi, ncha za duara. "Mheshimiwa, mkasi huu hapa."

Mwandishi wa pili naye akageuza kamera.

Halafu Mgeni Rasmi akasimama. Alisimama kwa awamu, kama mtu anayenyanyua gunia lililotoboka. Akauchukua ule mkasi. Akatembea, kisha akatembea haraka, kisha ile siyo kutembea tena. Mwalimu Mkuu nyuma yake, "Mheshimiwa, kipaza sauti! Mheshimiwa, mkasi rasmi uko kwenye sinia!" Mkasi wa ncha za duara haukati utepe wa shangazi kirahisi, ule ni utepe wa harusi. Mkasi ukautafuna, ukautafuna, mwisho akauvuta kwa mkono ukakatika, mlango wa bluu ukapigwa, komeo likalia. Na hapo, bila kengele, bila amri, watoto mia sita wakavunja mistari.

Ratiba iliishia hapo.

Baada ya muda sauti ikatoka ndani. "Maji! Hakuna maji huku!"

Kweli hakukuwa na maji. Tangi lilikuwa juu ya mnara wake, limejaa, lakini nalo lilikuwa na utepe wake na barua yake, ya mgeni rasmi mwingine, wa idara nyingine. Wakili ndiye aliyempelekea Mheshimiwa kopo la maji, akalipitisha chini ya mlango.

"Asante, mwanangu," ikasema sauti.

"Ukimaliza na wewe utie maji kwenye kopo," Wakili akajibu. "Kuna watu wanasubiri."

Alipotoka, uso wake ulikuwa umekunjuka, mwepesi, hata sauti ilikuwa mpya. Akahutubia dakika arobaini. Akasema yeye ni mtu wa vitendo, akiona tatizo hasubiri ratiba. Mwalimu Mkuu akapiga makofi kuliko wote, akasema lile somo alilibuni yeye.

Jumamosi na Jumapili Madamu Kwanini hakulala vizuri, lakini kwa raha. Shangazi alicheka mpaka akashona mkono wa gauni ukaingia kwenye kola. "Sasa hiyo karatasi watakunyimaje? Mheshimiwa mwenyewe amesifu!"

Jumatatu akaitwa ofisini. Juu ya meza vitu viwili: barua yake, bila saini, na mfuko wa nailoni wenye utepe mpya mwekundu.

"Ofisi imepiga simu," akasema Mwalimu Mkuu. "Namba kumi na sita ilifanyika kwenye namba tisa. Na ile picha kwenye gazeti, Mheshimiwa anakimbia, haifai kuwekwa kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo kisheria vyoo havijazinduliwa. Atarudi."

"Lini?"

"Atarudi. Kwa sasa vifungwe. Nenda kafunge utepe, ukirudi nasaini."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyempa yule mtoto nafasi ya kusema. Nataka wakuone wewe ukifunga."

Alikuwa ameshatoa kalamu na kuondoa kifuniko. Muhuri ulikuwa umefunguliwa.

Madamu Kwanini akachukua mfuko, akatoka. Akavuka uwanja. Kwenye milango ya bluu darasa la tano walikuwa zamu ya maji, ndoo tatu na makopo, foleni fupi inasogea. Walipomwona na utepe wakaweka ndoo chini. Akafunga ncha moja kwenye nguzo. Alifunga fundo, usinibishie, alilifunga! Mkono wake ulikuwa unatii kuliko yeye.

"Madamu, unafunga?" akauliza Wakili.

"Nafunga."

"Kwa nini?"

Wakadakia wengine, siyo kwa utundu, walitaka kujua tu, vile vile alivyowafundisha: "Kwa nini, Madamu?"

Akatafuta jibu. Alilitafuta kweli, maana alilihitaji. Mada yake haikuwa na jibu hilo, kitabu hakikuwa nalo, hata kwenye droo halikuwepo.

"Hebu nipe mkasi wako, Wakili," akasema, maana Mheshimiwa alikuwa ameurudisha.

Akafungua fundo. Akakata utepe vipande, vipande, akampa kila msichana wa zamu kipande cha kufungia nywele, na vilivyobaki wavulana wakafungia mikono ya ndoo iliyokuwa inawakata vidole. Kisha akarudi ofisini na mfuko mtupu.

Mwalimu Mkuu aliutazama mfuko, akatazama dirishani, akaona vichwa vyekundu vinaruka ruka uwanjani. Akarudisha kifuniko cha kalamu.

"Madamu, usisahau wewe bado hujathibitishwa."

"Sijasahau, Mwalimu Mkuu. Miaka miwili mnanitumia na sijazinduliwa. Mbona natumika vizuri tu? Na vile vyoo vitatumika hivyo hivyo."

Droo ikasukumwa, safari hii kwa kiganja kizima. Barua ikabaki ndani, nyeupe kama ilivyochapwa. Muhula ulikuwa umebakiza wiki sita, na aliporudi darasani chaki ikamvunjikia mara mbili. Akaandika mada mpya.

Saa nne na dakika kumi watoto wa dawati la dirishani wakaanza kukanyagana miguu na kuziba midomo. Akatazama. Mwalimu Mkuu alikuwa anavuka uwanja. Alivuka kwanza kwa hadhi, mikono nyuma, kisha hatua zikaongezeka, kisha akafika kwenye milango ya bluu akakuta kumi yote imefungwa kwa ndani. Mbele yake kulikuwa na mtoto mmoja tu wa darasa la kwanza, ameshika kopo lake.

Mtoto akamwamkia vizuri. Mlango ukafunguka, akaingia, akafunga komeo. Na mtoto yule, jamani, hakuwa na haraka hata kidogo.